Tahasusi 65, Mtoto wa Tandala Kapewa Ngapi?

Tulipiga makofi. Wote, mimi na wewe.

Ilikuwa Machi 2024. Waziri wa TAMISEMI wa wakati huo, Mohamed Mchengerwa, alitutangazia kwamba tahasusi za kidato cha tano na sita hazitakuwa 16 tena. Zimeongezwa 49. Jumla 65. Sayansi zipo, biashara zipo, lugha, sayansi ya jamii, michezo, sanaa, mpaka elimu ya dini. Watoto waliomaliza kidato cha nne mwaka 2023 wakapewa nafasi ya kurudi kwenye mfumo wa Selform wakabadili walichokuwa wamejaza, masomo yaanze Julai.

Sitini na tano! Mtu aliyekulia enzi za PCM, PCB, HGK na HGL alipolisikia tangazo lile alidhani mbingu zimefunguka.

Sasa nikuulize wewe uliye Tandala, hapa Makete. Nikuulize wewe wa Ikonda, wa Iwawa, wa Lupila, na wewe uliyeshuka Njombe na Makambako kutafuta maisha. Katika hizo 65, mwanao kapewa ngapi? Achana na zilizoandikwa Dodoma. Nauliza alizopewa yeye, mtoto wako, kwa mwalimu aliyesimama mbele yake na kwa maabara aliyoingia akashika kitu kwa mkono wake.

Umenyamaza. Unanyamaza kwa sababu hukuwahi kuuliza. Na aliyekutangazia alijua hutauliza.

Nikwambie jambo ambalo mwanao analijua tayari na anaogopa kukueleza. Kombi ya kidato cha tano haiamuliwi kidato cha tano. Inaamuliwa kidato cha tatu, na mara nyingine kabla ya hapo, wewe ukiwa kwenye viazi.

Kwa utaratibu tuliouzoea, mtoto akishavuka mtihani wa kidato cha pili anatengwa: huyu sayansi, huyu sanaa, huyu biashara. Asiyesoma fizikia akafika nayo kidato cha nne hapati PCM, hapati PCB, hapati PGM, hata alie machozi ya damu. Ambaye shule yake haikuwahi kupata mwalimu wa biashara, ECA ataisikia kwa wenzake. Ambaye hajawahi kumwona mwalimu wa Kichina, hiyo tahasusi yenye Kichina imewekwa kwa ajili ya mtoto wa nani?

Hisabati ndiyo msiba mkuu. Matokeo ya kidato cha nne ya miaka hii ya karibuni yanasema kwamba anayefaulu hisabati ni mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne, au karibu na hapo. Wale watatu waliobaki wameshaondolewa kwenye kila tahasusi yenye hisabati ndani yake. Ziwe 65, ziwe 165, kwao ni sawasawa.

Kwa hiyo mtoto wa shule ya kata anapofika mbele ya ile orodha ndefu, tayari ameshanyang'anywa nusu yake na zaidi. Kinachobaki ni historia na lugha. Anajaza HGK, anajaza HGL, anajaza HKL. Halafu tunasema amechagua. Amechagua nini? Mtu aliyeachiwa njia moja tu amechagua nini?

Usinielewe vibaya. Historia ni elimu kubwa, na anayeipenda aisome mpaka uprofesa. Kiswahili vilevile. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka nizikwe, ni mtoto kutupwa kwenye historia kwa sababu tu fizikia haikuwa na mwalimu.

Nina mpwa wangu. Tangu mdogo ni mtu wa miti. Alikuwa na kitalu chake cha miche ya misindano nyuma ya nyumba, anajua mbegu ipi inaota na ipi imekufa, anajua mlingoti unataka udongo gani. Alitaka kusomea misitu pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alikuwa kidato cha pili akilisema hilo, na mimi nikimsikiliza.

Shule aliyosoma ilikuwa na mwalimu mmoja wa kujitolea, anafundisha fizikia na kemia kwa madarasa yote. Mwalimu akapata kazi kwingine akaondoka, na nani atamlaumu? Darasa zima likaambiwa liachane na masomo hayo ili lisiharibu wastani wa shule. Wastani wa shule! Mpwa wangu akaja kupangiwa HKL, mkoa wa mbali, akasafiri na tranka lake, ndoo yake na godoro lake. Akasoma, maana mtoto huyu si mvivu. Akapata daraja la pili.

Ndipo akafungua kitabu cha mwongozo cha TCU. Kila digrii mle imeandikiwa masomo inayoyataka. Misitu inataka masomo ya sayansi. Yeye ana Historia, Kiswahili na Kiingereza. Daraja lake la pili halikumsaidia kitu. Leo yuko Makambako kwenye kibanda cha miamala ya simu, na magari yaliyosheheni mbao yanapita mbele yake kutwa nzima.

Penye miti hapana wajenzi. Wahenga walisema hivyo kana kwamba walikuwa wanapita Njombe.

Maana hebu tuutazame mkoa wetu. Tuna misindano na milingoti mpaka macho yanachoka. Miwati ililetwa hapa na kampuni ya TANWAT tangu mwaka 1949. Mashine za ding'dong zinalia bondeni asubuhi mpaka jioni, zinapasua mbili kwa nne, zinapasua moja kwa nane, lori linapakia na kuondoka. Zile mbao zinarudi kwetu zikiwa makabati, meza na makochi, na tunayanunua kwa bei inayouma. Vijana wangapi wa Makete wamesomeshwa kukausha mbao zisipinde? Kuzitibu? Kuchora samani na kuzipigia hesabu ya gharama?

Tuna viazi. Tunalima kwenye baridi inayokata vidole, halafu mnunuzi anakuja na gunia lake la lumbesa, analijaza mpaka linaota kichwa, analipa kama gunia moja, na sisi tunamwambia asante. Na nyumbani kuna mtoto aliyemaliza kidato cha nne. Hakufundishwa biashara hata siku moja. Anamsaidia mnunuzi kushona gunia.

Tuna parachichi. Novemba 2022 Tanzania na China zilitiliana saini ili parachichi letu liingie soko lao. Umesikia? China! Katika hizi tahasusi mpya kuna Kichina, kuna biashara, kuna kilimo. Mtoto wa Njombe ndiye angepaswa kuwa wa kwanza nchini kupiga simu kwa mnunuzi kule Shanghai na kuelewana naye. Badala yake tunakaa barabarani tunamsubiri dalali.

Tuna Ludewa, mkoa huu huu. Liganga kuna chuma, tani milioni 126 kwa hesabu zilizotangazwa. Mchuchuma kuna makaa ya mawe, tani milioni 428. Mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ulisainiwa mwaka 2011. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko sekondari. Siku mgodi ukianza kweli, watatafutwa wajiolojia, mafundi mitambo, wahandisi, wapima ardhi. Watatoka wapi? Sisi tutatoa walinzi wa geti na wapishi, halafu tutaandamana kwamba wageni wamechukua ajira zetu.

Na hili linanikaba koo kuliko yote. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa. Nusu! Wastani wa nchi ni 30 kwa 100. Sisi tunaolisha Dar es Salaam ndio tunaodumaza watoto wetu. Tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Lishe, ile CBN, haikuzaliwa juzi. Ipo tangu enzi za zile 16. Je, katika ukoo wako kuna aliyewahi kuisoma? Katika kijiji chako? Umewahi kumsikia mwalimu yeyote akimwambia binti, "Soma hii, mkoa wako unakufa kwa kuikosa"?

Basi usiniambie kwamba tatizo ni idadi ya tahasusi.

Wenye umri wangu tumeimbiwa wimbo huu kabla. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akasema wazi kwamba shule isiandae wachache wa kwenda juu na kuwaacha wengi hawana la kufanya. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, elimu na kazi viende pamoja. Sekondari zikagawiwa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Ifunda, Iyunga, Moshi, Tanga zilikuwa shule za ufundi zenye heshima yake. Mtoto alitoka pale anaweza kushika tupa na msumeno na kusoma mchoro.

Kisha? Karakana zikachakaa, vifaa havikununuliwa, walimu wakastaafu hawakurithiwa. Mwaka 2005 fizikia na kemia zikaunganishwa kuwa somo moja, halafu zikatenganishwa tena. Kila anayekuja anafumua, anayemfuata anashona. Wanaochomwa sindano ni watoto.

Majirani zetu Kenya walipita hapo hapo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 wazazi walichangishwa harambee wajenge karakana. Wakajenga. Nyingi hazikupata zana wala walimu, na baadaye yale masomo ya ufundi yakapunguzwa. Mwaka 2026 wameanza upya, kidato kipya cha sekondari ya juu na mikondo yake mitatu. Wazazi wao wanapiga kelele kila siku kwenye redio, wanahoji shule zina nini na hazina nini. Wewe hujasema hata neno.

Na sisi tulichanga pia, au umesahau? Shule za kata zilipoanza kuota kila mahali baada ya mwaka 2004, tofali tulifyatua sisi, mawe tulibeba sisi. Mwaka 2012 likaja agizo la maabara tatu kila shule: fizikia, kemia, baiolojia. Watendaji walipita nyumba kwa nyumba. Tulitoa. Wengine waliuza kuku, wengine waliuza mahindi ya chakula. Sasa nenda kaombe ufunguo wa hayo majengo. Nenda leo, usingoje kesho. Hesabu meza zenye maji ya bomba. Hesabu chupa za kemikali ambazo hazijakwisha muda. Fedha yako ile ilikaa wapi?

Au unaogopa kuuliza kwa kuwa elimu ni bure? Naam, ada imefutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23. Ni jambo jema na nalishukuru. Ila naona limetuziba mdomo. Tunaona aibu kudai, kama mgeni aliyekaribishwa chakula. Hukukaribishwa! Kila ukinunua sukari, sabuni na dizeli ya lori lako unalipa kodi. Shule ile ni yako.

Hili la walimu ndilo linaloniondolea usingizi. Tandala hapa hapa tuna Chuo cha Ualimu cha serikali. Vijana wanatoka mikoa ya joto wanakuja kutetemeka na sisi ili wawe walimu. Nchi nzima vyuo vinatoa walimu kila mwaka. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira walijikusanya wakaunda umoja wao, NETO, wakajitokeza hadharani kudai kazi. Wamesoma, wana vyeti, wako mtaani. Na darasa la fizikia halina mwalimu. Mwalimu yupo nje, mtoto yupo ndani, katikati kuna nini? Kuna kibali cha ajira. Kuna bajeti. Kuna mtu ofisini ambaye hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kumgongea mlango.

Wangapi kati ya walimu hao wa mtaani walisomea ualimu wa historia kwa sababu hawakuachiwa kingine? Unaona duara lilivyofungwa? Hakuna mwalimu wa fizikia, kwa hiyo watoto wanasoma historia. Wanasoma historia, wanakuwa walimu wa historia. Walimu wa historia wamejaa, wanakosa kazi. Na kule darasani bado hakuna mwalimu wa fizikia.

Nimewagusa wakubwa. Sasa zamu yako, na usiinuke.

Lini mara ya mwisho ulihudhuria kikao cha wazazi? Cha harusi unahudhuria vyote. Kadi ya mchango unalipa kabla ya tarehe. Shuleni unatuma salamu kwamba umebanwa na msimu.

Mwanao alipojaza fomu zake za machaguo, ulikuwa wapi? Alijazia chumba cha kompyuta, foleni nyuma yake, mtandao unakatika, mwalimu wa taaluma anahimiza muda. Akaandika alichoandika rafiki yake. Wewe uliletewa habari mwezi wa sita, jina lilipotoka, ukauliza nauli ni shilingi ngapi. Hukuuliza, "Hii kombi inampeleka wapi mwanangu?" Mchelea mwana kulia hulia yeye, nawe hukumchelea hata kulia. Ulimwacha peke yake kabisa.

Na hii dharau yako kwa amali utaiacha lini? Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali. Rais Samia alizindua sera yenyewe ya elimu Dodoma, 1 Februari 2025. Ukiambiwa mwanao aende amali unanuna, unasema huko ni kwa waliofeli. Nani amekuambia? Fundi anayetengeneza mashine ya kupasulia mbao hapa Njombe analipwa na matajiri wanaomsubiri kwenye foleni. Daktari mwenyewe wa hospitali ya Ikonda, jenereta ikizima, anamwita fundi. Cha kudai ni kwamba mkondo huo uje na karakana, zana na mwalimu aliyeshika kazi, usije na kibao cha getini tu.

Najua jibu la Mkinga mwenzangu. Utaniambia babu hakusoma na alifungua duka Kariakoo. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini Kariakoo ya babu haikuwa na mashine za risiti za TRA, haikuwa na mzigo wa kuagiza China kwa simu, haikuwa na bidhaa inayoshuka bei usiku mmoja. Mtoto anayeirithi biashara hiyo bila uhasibu anarithi madeni. Mbona hupiganii uhasibu ufundishwe kwenye shule yako?

Na binti je? Yule anayemaliza kidato cha nne bila somo hata moja la kumpeleka mbele, anakuja mama mmoja na gari kutoka Dar es Salaam, anamchukua akalee watoto wake. Tumelizoea mpaka halituumi. Serikali imejenga sekondari za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa, 26 nchi nzima. Shule moja haiwezi kubeba mabinti wa Njombe yote. Waliobaki wanategemea shule ya kata yako na yangu.

Sihitaji tahasusi ya 66. Nataka jambo dogo, na halmashauri yoyote inaweza kulifanya bila kusubiri mkopo wa Benki ya Dunia. Ibandikwe ubaoni, kwenye kila ofisi ya kata kuanzia Makete mpaka Makambako, orodha ya kila sekondari: masomo yanayofundishwa kweli, idadi ya walimu wa kila somo, maabara inayofanya kazi na ambayo ni jengo tu. Ibandikwe mapema, watoto wakiwa kidato cha pili, masomo hayajakatwa. Na pale penye pengo iandikwe ni ofisi ipi imeombwa mwalimu, na iliombwa tarehe ngapi.

Wakikataa kuibandika, tuiandike sisi wenyewe. Watoto wetu wanajua kila kitu, wakiulizwa watasema.

Kikao cha wazazi kijacho nitakuwepo. Nitasimama niulize fizikia ya kidato cha tatu inafundishwa na nani, na sitakaa chini mpaka nitajiwe jina. Nitauliza biashara, nitauliza kilimo, nitauliza hisabati. Nataka nikigeuka nikuone nyuma yangu, wewe na mama yake, na majirani mliokwisha kuwaamsha. Kama hutakuja, usinipigie simu Julai kunieleza mwanao kapelekwa wapi na kapangiwa nini.